Zimwi Linalodai Urojo

Msicheke! Ndiyo, nimekalia sahani ya bajia za mwenyeji wetu. Miji yote niliyotembea haikunifundisha kutazama ninapokaa. Chatne na ikauke kanzuni, nanyi nipeni masikio.

Palikuwa na mjane, Bi Kazija, aliyefundishwa na zimwi kupika urojo. Wateja walipomjaa barazani, zimwi likaja.

“Mapishi yangu. Nipe pua!”

Bi Kazija hakusikia tena harufu. Likarudi.

“Mapishi yangu. Nipe ulimi!”

Hakusikia tena ladha. Akapika akilia, hajui chumvi wala ndimu, maana angeacha, yeye na mwanawe wangekula nini? Bintiye Mize ndiye aliyejidondoshea mchuzi kiganjani, akaonja, akazidisha embe mbichi, akapunguza manjano, siku baada ya siku.

Zimwi likarudi mara ya tatu.

“Mapishi yangu. Nipe binti!”

Bi Kazija akaliangukia miguuni. “Nichukue mimi, bwana wee! Sina mwingine!”

Mize akalisogezea bakuli. “Onja kwanza.”

Zimwi likapiga funda, likakunja uso. “Huu si urojo wangu!”

“Basi unadai nini hapa?” akasema Mize. “Toka, wateja wanasubiri.”