Fisi na Maganda ya Mathenge

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na njaa, na mama mwenye mtoto mmoja tu.

Mama huyo alikuwa Mbuzi, bado kijana, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Nyasi zilikuwa zimekwisha bondeni. Mathenge, mti mgeni wa miiba, ulikuwa umefunika malisho yote, ukiangusha maganda matamu kama asali. Mbuzi wengine waliyatafuna mazima mazima, yakawanasa kwenye fizi, meno yakaoza. Mama Mbuzi alipoona hayo akaogopa. Akayaokota, akayaanika, akayatwanga, twa! twa! twa! akamlisha mwanawe unga. Mtoto akanona. Na kunona huko, jamani, ndiko kulikomleta Fisi.

"Hodi, Mama Mwana! Nimekuja kumla mwanao."

Maneno yakamtoka Mbuzi mbio: "Karibu mjomba, karibu, lakini huyu bado, wallahi bado, ni mifupa na manyoya tu, utamu wenyewe haujaingia nyamani, uko kwenye haya maganda, ngoja nikutwangie uonje, ngoja kidogo tu..."

"Ningoje? Mimi? Kutwangiwa ni kwa wagonjwa! Meno haya huvunja fupa la nyati."

Akabugia maganda mazima, kacha! kacha! kacha! Tumbo likajaa. "Mtoto nitamla kesho."

Kesho akaja.

"Nikutwangie, mjomba?"

"Nyamaza!" Kacha! kacha! "Mtoto kesho."

Kesho yake akaja.

"Nikutwangie, mjomba?"

"Nyamaza!" Kacha! kacha! "Mtoto kesho."

Ikawa hivyo, kesho na kesho, mpaka msimu wa maganda ukapita. Ndipo Fisi akaja, akatazama chini, hakuona hata ganda moja.

"Basi leo ni mtoto."

Akamrukia, akauma. Mbuzi akafumba macho.

Mnya. Mnya. Mnya.

"Mama!" mtoto akacheka. "Mjomba ananitekenya!"

Mbuzi akafumbua jicho moja. Kinywani mwa Fisi hamkuwa na jino. Ni fizi tupu, nyekundu, kama za mtoto mchanga.

"Mama Mwana," Fisi akanong'ona, mate yakimchuruzika, "hebu nitwangie."

"Maganda yamekwisha, mjomba," akasema Mbuzi. "Subiri msimu."

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni. Na funzo la Fisi, watoto wangu, ni hili: mkubwa asingojeshwe chakula, na mama mwoga asisikilizwe kamwe.