Nyangumi wa Bwana Kapufi

Tajiri Kapufi wa Tabora alikuwa hashindwi mchezo wa kupanga herufi, kwa sababu simu yake ilimtafutia neno refu kuliko yote. Alikwisha kuwanyang'anya majirani mbuzi kumi. Siku moja akamwita mpangaji wake Nyamizi, muuza karanga.

"Leta mbuzi wako tucheze, au uhame!"

"Nitacheza, bwana mkubwa, na simu yako utumie. Ila tucheze kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: ukiandika neno, unaonyesha na kitu chenyewe. Usipokionyesha, neno halihesabiwi. Nikishinda, mbuzi wote warudi kwao."

Kapufi akacheka. "Nyumbani kwangu kinakosekana kitu gani?"

Wakachota herufi. Simu ikalia, na Kapufi akapanga bila kusita: NYANGUMI.

"Herufi nane! Lia sasa, mama karanga!"

"Hongera, bwana. Mlete basi tumwone."

Kapufi akamtuma mpishi akaangalie kwenye friji. Mpishi akarudi na dagaa.

Nyamizi akapanga herufi nne: CHAI. Kisha akakivuta kikombe cha Kapufi mwenyewe, akakiweka katikati ya meza, akaenda kufungua mbuzi.