Gari la Rangi ya Ua la Viazi

Walikuwepo watu watatu na gari moja, na kila mmoja kati ya hao watatu alikuwa na lake alilojaliwa.

Tusekile, dada mkubwa, alijaliwa mikono ya kushona. Alishona maturubai ya malori mchana, na jioni akatia vifungo kwenye nguo za vichanga, na mshono wake ulikuwa haufumuki. Ambakisye, mdogo wake, alijaliwa uvumilivu wa usukani. Abiria wenye haraka hawakumpenda, lakini wajawazito wa mtaa mzima walimwomba yeye awapeleke hospitali. Wa tatu alikuwa Sekela, mke wa Ambakisye, mwenye maneno machache na jicho la rangi. Ukimwonyesha uzi leo, mwakani angekuchagulia mwenzake sokoni bila kuuangalia tena.

Gari lilikuwa la marehemu baba yao, fundi wa kupuliza rangi za magari pale Mbeya mjini. Lilikuwa gari kubwa la familia, la juu, lenye tairi la akiba mgongoni. Alilinunua likiwa limechoka, akalikwangua mpaka likabaki bati, kisha akalipuliza rangi aliyoichanganya mwenyewe. Rangi hiyo aliitoa kwenye kilemba cha mke wake. Siku ya ndoa yao mama alifunga kilemba cha zambarau nyepesi, zambarau ya ua la viazi, na mzee alikaa gereji na kile kilemba akiongeza nyeupe, akiongeza bluu, mpaka siku alipokilaza juu ya boneti kikapotea machoni. Mafundi wenzake walimcheka.

“Mzee, hilo ni gari au bibi harusi?”

“Vyote viwili,” akawajibu. “Nipisheni.”

Kisha baba akafa. Halafu mama akaanza kusahau.

Alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga. Akaja kusahau siku, kisha majina ya wajukuu, na mwisho akasahau sura za watoto aliowazaa. Walimleta mjini, akakaa kitandani amekumbatia mkoba wake, akiwaomba kwa heshima wamrudishe kwa wenyewe. Ikabidi wamrudishe kijijini, milimani Busokelo, ambako miguu yake bado ilikuwa inajua njia ya kutoka nyumbani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi kwenye migomba. Jirani yake, Mama Gwantwa, akawa anamwangalia.

Kitu kimoja hakukisahau: gari. Likichomoza tu pale kwenye kona, mama alikuwa anainuka, anafunga kilemba chake vizuri na uso unafunguka. “Baba Tusekile amekuja!” Na nyuma ya jina hilo majina mengine yalifuata, kama watoto wanaomfuata mtu wanayemjua. Tusekile. Ambakisye. Basi kwa alasiri ile moja walikuwa na mama. Aliwauliza kama wamekula, aliwagombeza kwa kukonda, alicheka.

Safari moja walikwenda na gari jeupe la kukodi, la kwao likiwa bovu. Mama alijifungia ndani akapiga kelele, “Wezi!” Tusekile alisimama mlangoni akisema, “Mama, ni mimi, ni mwanao,” mpaka kuku wakaingia bandani, na mlango haukufunguliwa.

Tangu siku hiyo walielewa kwamba njia iliyobaki ya kumfikia mama ni ile rangi. Na barabara ya kwenda kwa mama ilikuwa ya kokoto. Ilikuwa inatengenezwa, haiishi kutengenezwa, na malori ya kokoto yalipita juu chini yakirusha mawe kama watu wanaowinga ndege shambani. Kila safari gari lilirudi na vidonda.

Sekela ndiye aliyeviona vidonda hivyo kwanza, lakini hakusema. Yeye aliolewa wakati mama ameshaanza kusahau. Hakuwahi kuwemo kwenye ile foleni ya majina. Kila walipofika, mama aliwashika wanawe mashavu, kisha akamgeukia yeye na kumwambia kwa upole mkubwa, “Karibu, mgeni.” Sekela aliitika, akaingia jikoni kuosha vyombo. Hakumlaumu. Ila usiku, akimnyonyesha mwanawe, alijikuta akilitamka jina lake mwenyewe taratibu, kwa sauti aliyodhani mama angeitumia.

Tusekile alitangulia kuikinga rangi. Alilishonea gari aproni ya turubai, ikafunika boneti na pua yote, ikafungwa kwa kamba chini ya bampa. Madereva wa malori walifurahi sana.

“Oya! Gari limevaa aproni! Linakwenda kupika wapi?”

“Kwa mama mkwe wako!” Ambakisye akawajibu, na hata Sekela akacheka.

Lakini walipofika na kuifungua, Tusekile alishika kichwa. Vumbi lilikuwa limeingia chini ya turubai na njia nzima lilisugua kama msasa. Boneti ilikuwa imeanza kufifia. Alilia kama mtu aliyempiga mama yake kwa mkono wake. Aliporudi mjini alitoa flana laini alizowafungia wanawe walipokuwa wachanga, zile alizokuwa amezitunza kwa ajili ya wajukuu, akazikata zote na kuzishona ndani ya aproni. Na kila walipovuka kijito aliwaamuru wasimame. Aliivua, akaifua ndani, akaikamua na kuifunga tena, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa maji ya mlimani.

Ambakisye naye alijifunza barabara ile kama mtu anavyojifunza hasira za baba mkwe. Lori likiwa mbele, alikaa nyuma yake mbali kiasi cha kutoliona. Lori likija, aliingia pembeni kwenye majani, akazima injini, akageuza gari ili tairi la akiba na mgongo ndivyo vipigwe. Safari ya nusu siku ikawa ya siku nzima. Kwenye kampuni ya mabasi aliyoendeshea, upole huo ulimfuata hadi kwenye basi la abiria, mguu ukakataa kukanyaga, wakamwondoa. Hakutafuta kazi nyingine ya haraka.

Na Sekela alikuwa na kopo. Baba aliacha rangi kidogo chini ya kopo moja, na yeye ndiye aliyelikuta nyuma ya mlango wa stoo. Kila baada ya safari alichuchumaa kando ya gari na njiti ya kiberiti, akafunga jicho moja, akatia tone penye kila kidonda kabla kutu haijaanza. Wakati mwingine alipiga magoti hapo mpaka mtoto akalia ndani na maziwa yakamlowesha kifua. Hakuna aliyemtuma. Ambakisye alidhani kokoto zimepungua.

Siku moja Mama Gwantwa akapiga simu. “Tangu jana hajameza hata uji,” alisema. “Njoeni. Na mje na gari lake.”

Wakaondoka asubuhi ile ile, Tusekile mbele na mdogo wake, Sekela nyuma; mtoto, aliyekwisha kuacha ziwa, wakamwacha kwa jirani wa mjini. Lami ilipokwisha, Ambakisye akapunguza mwendo kama kawaida yake. Tusekile akamtazama.

“Kanyaga mafuta, Amba! Mama anakwisha!”

“Dada, nikikanyaga tutafika.”

“Si ndicho tunachotaka?”

“Tutafika sisi. Gari halitafika. Atatufungia mlango, dada. Unataka atuage au atuite wezi?”

Tusekile akafunika uso kwa kanga. Ambakisye akaendelea kwenda pole pole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, mikono haitoki kwenye usukani. Malori yote akayapisha.

Kwenye mlima wa mwisho lori lilikuwa linapanda mbele yao, mbali, na mlango wake wa nyuma ukafunguka. Kokoto zikateremka barabarani kama maji. Ambakisye alikata kushoto akagota ukingoni. Mvua ya mawe ikaipiga pua ya gari. Aproni ikapasuka katikati, lakini chini yake boneti ilibaki nzima, haina hata mchubuko. Mlango wa dereva ndio uliopigwa. Palikuwa na vidonda vitatu, kimoja kipana kama kucha ya kidole gumba, bati likiwaka jeupe.

“Twende hivyo hivyo,” alisema Tusekile. “Muda hatuna.”

“Wifi,” Sekela akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu waondoke, “ataona.”

Wakasimama kwenye kijito kilicho chini ya kona ya kwao. Tusekile alivua ile aproni iliyopasuka, maana mama hakulijua gari lenye nguo, akaosha vumbi kwa flana. Sekela akafungua kopo. Rangi ilikuwa imeganda kama ukoko. Akaidondoshea thina kidogo ya kuilainisha, akakoroga, akafunga jicho moja. Kidonda cha kwanza. Cha pili. Kwenye kile kikubwa alikwangua kopo mpaka njiti ikavunjika.

“Haijakauka,” alisema Ambakisye. “Vumbi litaganda juu yake.”

Sekela akavua kanga aliyojifunga kiunoni. “Wewe endesha,” akamwambia mumewe. “Mimi nitatembea.”

Basi gari likapanda mwendo wa mtu, na Sekela akatembea ubavuni, kanga ameitandaza kwa mikono miwili kati ya vumbi na ile rangi mbichi. Akapanda hivyo mpaka kwenye kona, na mpaka uani.

Mama alikuwa amelazwa kwenye mkeka juani, Mama Gwantwa pembeni yake. Macho yake yalikuwa yametulia pasipo na kitu. Gari likachomoza. Macho yakasogea, yakashika.

“Baba Tusekile amekuja.”

Akataka kilemba chake, kile cha siku ya ndoa. Mama Gwantwa akamfunga, wakamwinua. “Tuse, mbona umekonda? Amba, mwanangu, umekula wewe?” Wakamwangukia wote wawili, wakilia na kucheka. Alipomaliza kuwashika mashavu, akamwona mwanamke mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

“Umetembea, mgeni? Pole. Karibu.”

“Ahsante, mama,” alisema Sekela.

Mama akalisogelea gari. Akapitisha kiganja kwenye boneti yote, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Akapitisha kwenye mlango. Kidole chake kikasimama mahali pamoja, kikanata kidogo, kikaendelea.

“Halijaumia,” alisema. “Njia yote ile, halijaumia. Nani ameitunza rangi ya mume wangu?”

Kila mmoja aliona aibu kujitaja mbele ya wenzake. Mama akafungua kilemba kichwani, akakilaza juu ya boneti, na kikapotea machoni kama siku ile gereji.

“Aliyeitunza ndiye akifunge. Msikikate vipande. Kichwa hakifungwi na kipande.”

Akaomba kuingia kwenye gari, kiti cha mbele, upande aliokuwa akikaa yeye, mumewe akiendesha. Ambakisye akampandisha. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akasema atapumzika kidogo mpaka baba amalize kuongea na watu. Hakuamka tena.

Baada ya matanga Mama Gwantwa aliwaletea kilemba mikononi. “Haya. Mwenyewe ni nani?”

“Mimi sikitaki kwa uzuri wake,” Tusekile akaanza. “Lakini mama aliona nini kwanza kwenye kona? Pua ya gari. Na pua iliponea kwenye flana za wanangu. Tena alisema halijaumia. Penye kuzibwa paliumia tayari.”

“Ni kweli,” alisema Ambakisye. “Lakini aproni haifuniki ubavu. Ningekimbiza siku ile, au siku nyingine yoyote, pasingebaki mahali pa kuziba. Mimi nilijizuia kumkimbilia mama yangu, dada. Unajua hiyo ni nini?”

“Najua. Ungekimbia tungemfikia saa ngapi, tungekaa naye muda gani? Umetulinda, na umetunyima.”

Ambakisye akamgeukia mkewe. “Na wewe?”

Sekela alitikisa kichwa. Alikuwa ameshika pindo la kilemba, na kidole chake kilikuwa kimegusa mahali pagumu, padogo, padogo sana. Ilikuwa rangi iliyotoka kwenye kidole cha mama. Haikuonekana, maana ilikuwa rangi ile ile. Ilisikika tu mkononi. Alitaka kusema, kidole cha mama kilisimama penye tone langu. Alitaka kusema, ninyi amewaita kwa majina, mna hilo la kubaki nalo, mimi nipeni hiki. Akaona kwamba hilo la mwisho ni kilio, si haki, na kwamba rangi yenyewe ilikuwa ya baba. Akaliacha pindo.

“Wewe ni mkwe,” Tusekile akamwambia, si kwa ubaya. “Lakini Mungu ameona ulivyotembea.”

Hawakuamua. Walipanda gari kurudi mjini, kilemba wakakiweka kwenye kiti cha mbele mahali alipokaa mama, na wote wawili, wifi na wifi, wakakaa nyuma. Aproni ilibaki kwenye kamba ya kuanikia ya Mama Gwantwa, hakuna aliyeikumbuka. Lori likaja, na Ambakisye hakuingia pembeni. Kokoto zikaigonga boneti, moja, nyingine, nyingine tena, na ndani ya gari hakuna aliyegeuza hata shingo.

Sasa ninyi mliosikia, wakubwa kwa watoto, msiniulize mimi. Yupo aliyelivika, yupo aliyelipunguzia mwendo, yupo aliyelitibu, na ukimtoa mmoja tu mama asingelijua gari lile. Lami bado iko mbele, hawajafika mjini, na kilemba kiko kitini. Mngekuwa ninyi ndani ya gari lile, mngekifunga kichwani kwa nani?