Kibuyu cha Syombua

Mstari mmoja hauonyeshi kisima. Methali hii ilianza hivi, wajukuu wangu, na mwenye nayo ni nyanya yenu Syombua, marehemu mke wangu. Mkiambiwa ilitoka ofisini, kataeni.

Mwaka ule wa ukame maji tuliyafuata mwendo wa nusu siku. Wapimaji wakaja kututafutia mahali pa kisima, wakachomeka kijiti kando ya boma letu, wakasoma namba mbili kwenye chombo chao. Syombua alikuwa akichora kibuyu. Wachoraji wetu mnawajua: kwanza mkanda wa kuzunguka tumbo, kisha mstari wa kushuka kutoka shingoni hadi kitakoni, na pale inapokutana ndipo shanga hukaa. Akauliza namba zile ni za nini. Mpimaji akamwambia dunia nayo imechorwa vivyo hivyo: latitudo huizunguka, longitudo hushuka kutoka ncha hadi ncha. Basi akazichonga zote mbili, kila moja kwenye mstari wake.

Mashine ya kuchimba ilipokuja, ikatupita. Ikaenda kusimama kwenye kilima cha mawe huko mashariki. Tukaifuata kwa miguu, Syombua na kibuyu chake mkononi.

"Mama, ni hapa," msimamizi akasema, akipunga karatasi. "Latitudo ni hii. Tumeifuata barabara."

"Na longitudo?"

Akageuza karatasi. Nyuma kweupe. Wakubwa wameketi kivulini, kuandika namba mbili kumewashinda!

Dereva akacheka. "Leo tunafundishwa kazi na kibuyu!"

Syombua akasogeza kibuyu mbele. "Baba, weka kidole kwenye mkanda huu," akamwambia msimamizi. "Zungusha, usikiinue."

Akazungusha hadi kidole kikarudi kilipoanza.

"Umekiona kisima changu?"

"Sijakiona."

"Na kote ulikopita ni latitudo hiyo hiyo. Mstari mmoja hauonyeshi kisima."

Kisha akashusha kidole chake kutoka shingoni, kikakutana na cha msimamizi juu ya shanga. "Haya, soma."

Msimamizi akasoma namba zote mbili, akamgeukia dereva. "Kunja mashine. Utacheka njiani."

Maji yalitoka siku ya tatu. Siku ya ufunguzi mkubwa mmoja akaja na miwani yake, jiwe likaandikwa jina lake. La Syombua halimo. Hata alipougua, gari la kumbeba halikuja.

Lakini nendeni pale kisimani sasa hivi. Mtu akileta habari nusu, wanawake humjibu kwa maneno ya nani? Ya mkubwa? Thubutu! Ya mke wangu: mstari mmoja hauonyeshi kisima.