Kilemba cha Bahari ya Sebuleni

Sogeeni. Mwenye kusinzia asinzie, ila asikorome, maana mwisho nina swali na sitaki mtu anijibu kwa ndoto. Hadithi ya leo ni ya watu waliochoka, nami nitakwenda nayo polepole, kwa sababu hata miguu yangu leo haina kauli.

Mjini Tanga palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mbwana, fundi bomba, alikuwa na sikio. Akiligusisha ukutani, anakwambia maji yanapita wapi na yanavuja wapi. Saumu, fundi vioo, alikuwa na mkono. Kioo kilichovunjikia mikononi mwa mafundi wengine, yeye alikikata akiwa anapiga soga. Kidawa, aliyefanya kazi miaka kumi kwenye mabwawa ya kukuzia kambamiti mpaka yalipofungwa, alikuwa na subira. Watu walimtania kwamba anaweza kungoja jiwe liive.

Na palikuwa na Bi Mwanahija, ambaye hakuwa na kipawa chochote alichokijua. Yeye alikuwa na mume mgonjwa na ndoo mbili.

Mumewe, Mzee Mhando, ujana wake wote alikuwa mzamiaji bandarini, kazi yake kukagua meli kwa chini. Alipostaafu, aliileta bahari nyumbani. Aliweka sebuleni, ghorofa ya pili, tangi la kioo refu kama kitanda, akatia maji ya chumvi, mawe, samaki wadogo wa rangi ya chungwa, na matumbawe hai aliyopewa na rafiki yake anayeyakuza. Kisha kiharusi kikamwangusha. Ulimi ukaenda, upande wa kushoto ukaenda, akabakiwa na mkono wa kulia na macho. Na macho yenyewe yalishinda mle tangini. Maji yakiwa safi na matumbawe yakafunguka, Mzee anakula. Maji yakichafuka na matumbawe yakajikunja, Mzee anageuza uso ukutani, na hata uji wa kijiko hapokei.

Basi mnaona wenyewe. Lile tangi halikuwa pambo tena, ndilo lililomshikia roho. Na halikuwa na kichujio. Mzee alipokuwa mzima aliyabadilisha maji kwa mikono yake, na sasa mikono ilikuwa ya mkewe. Kila asubuhi ndoo mbili chafu zinatoka, ndoo mbili safi zinaingia. Kila Ijumaa mwenye guta la magurudumu matatu alileta kutoka pwani madumu kumi na manne, akayashusha chini ya ngazi, maana alisema yeye amepatana na barabara, hakupatana na ngazi. Mwanahija aliyapandisha moja moja. Miaka miwili! Bega la kulia likawa halinyanyuki mpaka lisuguliwe mafuta ya karafuu. Na majirani wakimwambia, "Una raha mwenzetu, kazi yako kubadilisha maji ya samaki tu." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku moja alikaa kwenye ngazi, dumu mapajani, akashindwa kuinuka. Alilia pale pale, kimya kimya, asije akasikiwa. Kisha akajiambia, hapana, nikifa mimi kabla yake nani atamgeuza kitandani? Alishasikia kwamba matangi ya namna ile huwekewa tangi la pili chini, ndani ya kabati. Maji humwagikia humo yenyewe, yakachujwa, na pampu ikayarudisha juu. Akapanda kumwambia mumewe, "Baba, naita mafundi. Nimechoka."

Mzee Mhando akanyoosha mkono kuelekea sandukuni. Mwanahija akafungua, akatoa nguo moja baada ya nyingine, mzee akikataa kwa kidole, mpaka alipofika kwenye kilemba cha babu yao, cheupe chenye nyuzi za hariri. Hapo mzee akafumba macho kukubali.

Kina Mhando wana ada yao. Aliyeikamilisha kazi kubwa ya nyumba huvikwa kilemba, mwanamume kichwani, mwanamke begani. Na anayevikwa, kazi ile ni yake mpaka afe, sifa yake na taabu yake. Ikitajwa, anatajwa yeye. Ikiharibika, anaamshwa yeye. Na kilemba ni kimoja, hakichanwi.

"Unataka avikwe atakayeifanya bahari yako iishi?" Mwanahija aliuliza. Mzee akafumba macho tena. Kilemba kikawekwa chini ya mto.

Akaja Saumu. Samaki na matumbawe yakahamishiwa kwenye beseni kubwa pamoja na jiwe moja la kuegemea, mawe mengine yakatolewa barazani, na maji yakapunguzwa. Lilitakiwa tundu moja kwenye kioo cha nyuma, karibu na ukingo wa juu, maji yapate pa kushukia. Kioo kilikuwa cha zamani, na kingepasuka hapakuwa na kingine. Saumu akashika keekee, akamwambia Mwanahija, "Mama, mimina maji hapa kidogo kidogo, na usiniulize chochote." Hakukandamiza hata mara moja. Alianza baada ya adhuhuri, na ilipoadhiniwa alasiri duara la kioo likadondoka kiganjani mwake, zima. Ndipo akakaa chini.

Huku nyuma Mwanahija naye hakukaa bure. Aliyaona yale mawe barazani, yana utelezi, yananuka. Mwanamke wa Kitanga aone uchafu na brashi iko karibu? Aliyasugua kwa sabuni ya unga, akayasuuza kwa maji ya bomba, yakatakata. Akafurahi, maskini, kwamba leo na yeye amefanya kitu cha maana.

Akaja Mbwana. Akaunganisha bomba kutoka kwenye tundu mpaka tangi la chini, akaweka soksi ya kuchujia na mtungi wa povu unaokamata uchafu, akalaza bomba la pili la kupandishia maji, gundi kila kiungo, hapavuji hata tone. Mawe yakarudishwa, na tangi la chini akalijaza mpaka mdomoni. Unacheka? Wewe unayekaa mji wenye mgao wa maji, lini uliacha pipa lako nusu? Mbwana hajawahi katika maisha yake kuacha tangi halijajaa.

Pampu ikanguruma, maji yakazunguka vizuri. Baada ya nusu saa umeme ukakatika.

Lahaula! Pampu ilipokufa, lile bomba la kupandishia likageuka mnyonyo. Likayavuta maji ya juu kurudi chini, na chini hapakuwa na nafasi. Sebule ikawa bahari kweli. Mkeka ukaelea, viatu vikaelea. Mbwana alisimama katikati ya maji, mkono kichwani, anasema, "Lakini sijaacha pa kuvuja, Mama, wallahi sijaacha." Mwanahija alichukua dekio, akaanza kukausha, na machozi yalipomtoka hakuyafuta.

Mbwana angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alikaa siku mbili mbele ya kabati lile, mpaka akakumbuka jinsi madereva wanavyonyonya petroli kwa mpira. Ukiunyanyua mpira ukanusa hewa, petroli inakatika. Akatoboa kijitundu kwenye bomba la kupandishia, chini kidogo ya uso wa maji ya tangi la juu, ili maji yakishuka kidogo tu bomba linuse hewa na mnyonyo ufe. Kisha akachora mstari kwenye tangi la chini, theluthi mbili, akaandika kwa rangi, USIJAZE. Akazima umeme mwenyewe mara saba. Maji yalishuka, yakasimama. Sakafu ikabaki kavu mara zote saba.

Kidawa je? Kidawa alikuwa akiishi ghorofa ya kwanza, na siku ya gharika maji yalimmwagikia kitandani. Alipanda juu na shuka lililolowa, tayari kwa ugomvi. Akaliona tangi, ugomvi ukamwishia mdomoni.

"Nani kayaosha mawe haya?"

"Mimi," alisema Mwanahija. "Yalikuwa machafu."

"Shoga yangu, ule utelezi ndio unaokula sumu ya mavi ya samaki. Umekiosha kichujio chenyewe. Ukiwatia leo, keshokutwa unawazoa kwa kikombe."

Mwanahija akakaa kwenye maji, na kanga yake.

Kidawa akalichukua lile jiwe moja lililobaki kwenye beseni, ambalo halikuonja sabuni, akaliweka ndani ya tangi la chini. Akatupia vipande vya kambamiti vioze, ili viumbe wadogo wasioonekana wapate chakula wazaliane. Kila siku alipima maji kwa dawa inayobadilika rangi ikikuta sumu. Siku ya kumi, sumu iko juu. Siku ya kumi na tisa, Mzee amekataa chakula siku ya tatu mfululizo, maana kutoka kitandani ndani ya beseni hakuonekani, na Mwanahija akamshika Kidawa mikono miwili.

"Kidawa, mume wangu anakwisha. Tuwatie hata samaki mmoja."

"Akitiwa mmoja akafa mbele ya macho yake, je?" Kidawa alisema. "Nitukane, lakini sikuruhusu."

Alitukanwa, kweli. Aliitwa mchawi. Kesho yake alipanda tena na vichupa vyake, akasalimia, akapima. Siku ya thelathini na tatu dawa haikubadilika rangi, akasema, "Sasa."

Samaki wakatiwa, matumbawe yakapangwa. Siku ya kwanza yalijikunja. Siku ya pili, saa nne asubuhi, yakafunguka yote. Mzee Mhando akatazama mpaka machozi yakamshuka shavuni, akafungua mdomo, na Mwanahija akamlisha bakuli zima la uji. Wiki nzima ikapita, umeme ukakatika mara tatu, maji yakashuka, yakasimama, yakapanda tena. Ndoo mbili zikalala jikoni midomo chini. Asubuhi Mwanahija alizinduka saa ile ile, akanyoosha mkono kuzitafuta, kisha akakumbuka. Hakuweza hata kufurahi, uchovu ulikuwa umemwingia mifupani.

Basi watatu wakaitwa, wakaketi mkekani mbele ya kitanda. Kilemba kikatolewa chini ya mto.

Saumu alisema, "Mimi sina maneno mengi. Bila tundu, mngeunganisha bomba na nini? Na angekuwa mwingine, leo mngekuwa mnazoa vigae."

Mbwana akasema, "Tundu bila bomba ni tundu tu. Nilikosea, nakiri mbele ya Mzee. Lakini aliyekosea akarekebisha ndiye anayeijua kazi. Umeme unakatika leo, nani mwingine anaufanya usiwadhuru?"

Kidawa akasema, "Mlijenga nyumba nzuri sana. Mimi nimeifanya ikalike." Akainamisha uso. "Ila nataka kuuliza. Siku zile thelathini na tatu walipokuwa kwenye beseni lisilo na chujio, nani aliwaweka hai kwa ndoo zake? Na ile miaka miwili kabla yetu?"

Wote wakamtazama Mwanahija. Alikuwa ameegemea ukuta, anajisugua bega.

"Haki ya Mungu," alisema Saumu, "bila yeye tungekuta tangi la mizoga. Mama ajivike mwenyewe."

"Ingawa mawe ni yeye aliyeyaua," alisema Mbwana, bila ubaya. "Na tena, mnajua ada ya humu. Anayevikwa, kazi ni yake mpaka afe. Mkimvika huyu mnampa heshima au mnamrudishia ndoo?"

Mwanahija akawaza. Akimvika Saumu, au Mbwana, au Kidawa, ataweza kulala, pengine mpaka saa mbili asubuhi, na mwingine ataamshwa maji yakiharibika. Lakini siku zote watu watasema bahari ya Mhando ni kazi ya fulani, na madumu yake yote yale, ngazi hadi ngazi, yatakuwa kama hayakuwahi kupanda. Akijivika yeye, yatatajwa. Na hatapumzika tena. Alikitaka kile kilemba, jamani, na alikiogopa, na hakujua anaona haya kwa lipi kati ya hayo mawili.

Akamgeukia mumewe. "Baba, ni kilemba cha kwenu. Nisaidie."

Mzee Mhando akakishika kwa mkono wake mmoja, akakisukuma polepole juu ya shuka, kidogo, tena kidogo, mpaka kikagusa goti la mkewe. Kisha akamtazama.

"Unaniambia nichague," aliuliza Mwanahija, "au unaniambia nivae?"

Midomo ya mzee ikachezacheza. Neno halikutoka. Watatu wakangoja mkekani, na Mwanahija akakichukua kilemba kwa mikono miwili.

Nami hapo naachia, nimechoka. Aliyetoboa kioo kisipasuke, aliyefundisha maji kusimama, aliyeyangoja mpaka yakaiva, na aliyeyabeba. Mmoja akikosekana, Mzee angekuwa kaburini. Kilemba ni kimoja. Haya, wewe uliyekuwa ukisinzia, fumbua macho uniambie: kingekuwa mikononi mwako, ungemvika nani?