Chambo cha Fundi Makungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa tanzi!

Tanzi la nani?

Tuambie wewe!

Basi sogeeni. Na anayetafuna atafune polepole, kwa maana hadithi ya leo ni ya watu waliotafuna kisichokuwa chao, nami niisimuliapo sicheki.

Hapo kale, katika kijiji cha Mavumbini, penye migunga na mawe, aliishi mjane aitwaye Bi Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za mkonge. Binti yake alifariki katika uzazi, akamwachia kichanga, Siwema. Kichanga hakikuwa na titi la kunyonya ila maziwa ya mbuzi mmoja, jike mwenye baka jeupe kichwani, na kwa baka lile akaitwa Kilemba.

Bi Sikudhani alikuwa na mbuzi saba, na zizi lake lilikuwa pembeni kabisa mwa kijiji. Akaja Mbweha, akala mmoja. Akaja tena, akala wa pili. Akaja tena na tena, wakawa wanne. Wakabaki watatu: mwanambuzi, mtamba ambaye hajazaa, na Kilemba.

Mjane akaenda barazani kwa mkuu wa kijiji, Jumbe Ngwali.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Bi Sikudhani. Una nini?"

"Mbweha ananimalizia zizi."

"Sheria unaijua?"

"Naijua."

"Itamke watu wasikie."

"Anayeliwa ndiye atoaye chambo."

"Na kamba ya mtego?"

"Nayo ni yangu."

Isikieni sheria hiyo, jamaa! Mtu ameibiwa, na akishtaki anaongezewa kuibiwa. Nani aliitunga? Waliitunga watu ambao mazizi yao yalikuwa katikati ya kijiji, ambako Mbweha hafiki. Wakaiita ya kale, na watu wakaona haya kuuliza.

Akaitwa mtegaji, Fundi Makungu. Tumbo lilipiga hodi kwanza, mwenyewe akafuata. Kwapani alibana mfuko wa ngozi, na mfuko ule hakuufungua mbele ya mtu.

"Fundi," akasema mjane, "nimeweka matumbo ya kuku. Yatatosha?"

Makungu akacheka hadi machozi. "Dada yangu, unamtegea mbweha wa jaani? Mbweha wa Mavumbini ana ulimi. Chambo huchaguliwa kwa mlaji. Huyu anataka mwanambuzi, nyama laini, mifupa ya kuvunja kwa ufizi."

Akapewa mwanambuzi, akapewa na kamba. Akaenda chini ya mgunga mkubwa, mahali pake pa kutegea, ambapo mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuokota kuni. Kulipokucha watu wakaenda kutazama. Tanzi li wazi, chambo hakipo, na nyayo za mbweha zimejaa vumbini.

"Kaja, kala, kaenda zake," akasema Makungu, akitikisa kichwa.

Bi Sikudhani akaimba:

Mwanambuzi wa zizini, tanzi halikufyatuka,
Mbweha yuko kichakani, chambo nani kakiteka?

Siku ya pili Makungu akarudi. "Dada yangu, mbweha yule nimemsoma. Chambo huchaguliwa kwa mlaji. Anataka ini, ini lenye mafuta, ini la mtamba."

Akapewa mtamba, akapewa na kamba. Kulipokucha watu wakaenda kutazama. Tanzi li wazi, chambo hakipo, na nyayo zimejaa vumbini.

"Kaja, kala, kaenda zake."

Bi Sikudhani akaimba:

Mtamba wangu wa shani, tanzi halikufyatuka,
Mbweha yuko kichakani, chambo nani kakiteka?

Watu walipotawanyika, mjane akachutama. Hapakuwa na mfupa uliotafunwa, hapakuwa na unyoya mmoja uliong'olewa. Akazitazama nyayo. Huu mguu wa mbele, wa kushoto. Huu nao wa mbele, wa kushoto. Na huu, na ule, na ule pale: wa mbele, wa kushoto. Mbweha gani anatembea Mavumbini nzima kwa mguu mmoja?

Alitaka kupiga ukelele. Hasira ikampanda ikafika kooni. Akaimeza, ikamchoma njia nzima ikishuka.

Siku ya tatu Makungu hakwenda kwa mjane. Alimwita barazani, mbele ya Jumbe.

"Dada yangu, leo ndiyo leo. Chambo huchaguliwa kwa mlaji. Sasa anataka kiwele, kiwele chenye maziwa."

"Kiwele cha Kilemba?"

"Una mwingine?"

"Na mtoto atakunywa nini?"

"Mpe uji."

"Fundi, mtoto huyu hajatimiza miezi mitatu!"

"Mimi ni mtegaji, dada. Si mkunga."

Mjane akamgeukia Jumbe. Jumbe alikuwa anachokonoa meno. "Sheria haijui kichanga," akasema. "Mtoe mbuzi."

"Nipeni siku moja tu. Kesho adhuhuri atachukuliwa."

"Siku moja," akasema Jumbe. "Hatuna roho mbaya."

Hawana roho mbaya! Mmemsikia?

Bi Sikudhani akamfunga Siwema mgongoni, akatoka jua likiwaka hadi kwenye kichuguu kirefu mwisho wa malisho. Juu yake alikuwa amelala Mbweha, anaota jua kama mwenye shamba.

"Mbweha!"

"Labeka, mama mwenye kamba."

"Umenilia mbuzi sita."

Mbweha akasimama wima. "Wangapi?"

"Sita."

"Wanne! Wanne nimekula, nakiri, na wa tatu alikuwa mgumu kama kiatu. Lakini hao wawili sikuwagusa hata ukwato. Mimi ni mwizi, mama, lakini si mwongo, na sitaki mtu anizidishie sifa."

"Nyayo zako zilikuwapo."

"Za mguu upi?"

"Wa mbele, wa kushoto. Zote."

Mbweha akacheka, kisha kicheko kikakatika, meno yakabaki nje. "Huo ni mguu wa marehemu kaka yangu! Makungu aliukata, akaukausha, sasa anaupigia mhuri vumbini. Nyama ilikokwenda, uulize moshi wa nyumba yake. Mimi huwa sitii chumvi."

"Na wewe, mbona hukunaswa siku zote hizi?"

"Kwa nyama? Nina panya, nina kumbikumbi, nilikuwa na mbuzi wako. Niliyeshiba nifuate paja hadi kwenye tanzi? Wategaji wote hudhani mbweha ni tumbo lenye miguu, kwa kuwa wao ndivyo walivyo!"

Hajamaliza kujisifu, upepo ukavuka korongo kavu ukitoka ng'ambo. Mbweha akanusa. Manyoya ya mgongo yakasimama, macho yakawa mekundu. Akamsahau mjane, akasahau kichuguu, akasahau adabu.

"Nani kaingia mpakani kwangu? Nani? Nani?"

Akainua mguu akakojoa kwenye kichuguu. Akazunguka, akakojoa tena. Akazunguka, akakojoa mara ya tatu, akaparua udongo kwa kucha, akamkanyaga Bi Sikudhani kidole cha mguu wala asijue amekanyaga mtu.

Mjane akatazama, akaelewa. Chambo huchaguliwa kwa mlaji, kweli. Lakini huyu hali nyama. Huyu anakula hasira yake.

Basi akavuka korongo. Akavika mikono majani mabichi ili asiache harufu ya mtu, akatafuta mahali ambapo mbweha wa ng'ambo hukojolea, akachota udongo akaujaza kibuyuni. Akarudi. Kamba ilikuwa yake na mkono ulikuwa wake. Akatega tanzi ubavuni mwa kichuguu, akamwaga ule udongo nyuma yake, asiweke hata unyuzi wa nyama.

Kulipopambazuka Mbweha alikuwa ndani ya tanzi, povu mdomoni, bado anafoka: "Nani kaingia mpakani kwangu?"

"Mimi," akasema mjane. "Ngoja hapo. Kuna mwenzio."

Akaenda chini ya mgunga mkubwa, mahali pa Makungu. Akasokota kamba kwa mkono wa kushoto, kama wasokotavyo watu wa ng'ambo, akafunga tanzi dogo kwa fundo la kigeni, akalitundika wazi litazamwe. Akavaa makubadhi ya marehemu mumewe, akakanyaga huku na huku. Kisha hatua moja kabla ya tanzi lile akachimba, akapinda mti mchanga, akalaza chini ya vumbi tanzi la pili, pana, la kamba nene kuliko zote alizopata kusokota.

Akaenda kisimani. Wanawake walikuwa wanateka maji.

"Hamjambo, mashoga zangu."

"Hatujambo. Fundi ameshamchukua Kilemba?"

"Bado. Lakini mbona nimeona tanzi la ng'ambo pale mgungani?"

Hakusema zaidi. Kabla mitungi haijajaa, neno lilikuwa limefika nyumbani kwa Makungu, nalo limenenepa njiani: fundi wa ng'ambo amekuja, ni kijana, ana mkono mwepesi, hataki hata nyama.

Makungu akaacha tonge hewani. Akabana mfuko kwapani, akatoka mbio, tumbo likimtangulia.

"Nani kaingia mpakani kwangu? Nani? Nani?"

Yule aliyewafundisha watu wote kutazama chini, yeye hakutazama chini. Alikaza macho kwenye fundo la kigeni, akanyoosha mkono alirarue. Mti ukafyatuka! Makungu akaenda juu kwa mguu mmoja, wa kushoto. Mfuko ukaanguka ukafunguka. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili: mguu mkavu wa mbweha, na chumvi iliyofungwa kwa jani.

Bi Sikudhani akaimba, na wanawake wa kisimani wakaitikia:

Fundi yumo mtegoni, tanzi leo lafyatuka,
Mbweha naye kifungoni, mwizi wetu kaumbuka!

Kijiji kizima kikaja. Jumbe naye akaja, akihema. "Mfungueni mara moja! Mtu wa heshima amekosea njia tu."

Mjane akainama. Aliokota ule mguu mkavu akaugandamiza vumbini, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nyayo tatu, zote za mbele, zote za kushoto. Akaenda akamkokota Mbweha kutoka kichuguuni akiwa na kamba shingoni, akamsimamisha katikati ya watu. Miguu minne.

"Hesabuni wenyewe," akasema.

Watu wakamgeukia Makungu, na mikononi mwao mlikuwa na mawe. Makungu, kichwa chini miguu juu, akalia:

"Jumbe, usinyamaze! Sema neno! Ini lote si nilikuletea wewe?"

Watu wakamgeukia Jumbe. Hata Mbweha aligeuka.

"Mimi," akasema Jumbe, "sikujua ini lilitoka wapi."

"Ulidhani Mbweha amekupikia?" akauliza Bi Sikudhani. Kisha akamsogelea, mtoto mgongoni. "Jumbe, sheria unaijua?"

"Naijua."

"Itamke watu wasikie."

"Anayeliwa ndiye..."

"Sikusikia."

"Hatukusikia!" wakanguruma watu.

Jumbe akayatazama mawe. Akaitazama mikono iliyoyashika.

"Anayekula," akasema, "ndiye atoaye chambo."

"Tena."

"Anayekula ndiye atoaye chambo!"

Siku hiyo hiyo mwanambuzi na mtamba wa fidia walitolewa zizini mwa Jumbe wakapelekwa zizi la pembeni. Makungu akafukuzwa akavuka korongo, mguu mkavu ukining'inia shingoni. Na Jumbe akabaki na baraza lake, ila tangu siku ile alipopita hakuna aliyeinuka.

Mbweha akakohoa. "Na mimi, mama? Nilisema kweli."

"Ulisema kweli."

"Basi nifungue."

"Wanne, Mbweha."

Akachukua rungu. Na ngozi ya Mbweha Siwema aliilalia mpaka akaota meno.

Msinitazame hivyo. Mlitaka amsamehe kwa kuwa mwizi mwingine alikuwa mbaya zaidi? Semeni ninyi: mbuzi wenu wangapi wameliwa?

Mafunzo ni haya, nami nayasema mara moja. Ukimtegea mtu, usitazame tumbo lake, tazama kinachomghadhibisha. Na ukijiona unakwenda mbio huku unauliza nani, nani, nani, simama kwanza utazame vumbi: huenda harufu hiyo umewekewa. Bi Sikudhani alikuwa na hasira kuwashinda wote, lakini yeye aliishika mkononi kama kamba, hakuivaa shingoni.

Hadithi yangu nimeifunga fundo, wala sikulifunga la kigeni. Nilikwenda Mavumbini kuomba maziwa ya Kilemba, nikaambiwa ni ya mtoto. Nikarudi na kiu yangu, nikashukuru. Na kama yuko hapa ambaye hadithi hii imemkera, asinijie juu kwa mbio. Aangalie kwanza alipoweka mguu.