Mlango Mwekundu wa Thistlewood

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maana yake ni kwamba sura ya nje haitoshi kukipima kitu. Sharti mtu aingie ajionee mwenyewe. Wahenga hao hawakupata kumfahamu Duane Halvorsen wa Wisconsin. Laiti wangemfahamu, methali hiyo wangeisema mara mbili, na mara ya pili wangepaza sauti.

Duane alikuwa muuza milango. Kazi hiyo ilimlisha yeye na jamaa yake, tena ilimlisha vizuri, kitambi chake kilikuwa shahidi. Kila mteja alimwambia neno lile lile: "Mlango ndio nyumba, bwana. Mgeni akishaupenda mlango, hata paa likivuja atailaumu mvua." Alilisema neno hilo hata akaliamini, na muuzaji akianza kuyaamini maneno yake mwenyewe, mwombeeni.

Binti yake, Corinne, alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwembamba kama ufito, mzito wa kusema mbele za watu. Duniani alitaka jambo moja tu: kuwa daktari wa ng'ombe. Tangu utotoni alikuwa akishinda katika zizi la jirani, mpaka ng'ombe wakamjua kwa harufu, na mama yake naye akamjua kwa harufu hiyo hiyo.

Jumamosi moja ya Oktoba, Duane alimpakia Corinne garini pamoja na bibi yake mzaa mama, Arlys, wakashika njia kwenda kukitazama Chuo cha Thistlewood, ambacho kijitabu chake kilionyesha banda kubwa la ng'ombe. Safari hiyo haikuwa ya mchezo. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupeleka ombi la ahadi, lile ambalo mtoto akikubaliwa kwalo hana ruhusa ya kwenda chuo kingine. Ni kama posa iliyokwisha kupokewa. Corinne alikuwa amelijaza ili kumridhisha baba. Lilikuwa ndani ya simu ya Duane, limebakiza kubonyezwa tu.

Njiani walipita chuo kingine, Bucklow, ambacho lango lake la mabati lilikuwa limefungwa kwa waya.

"Baba, tupite na hapa," Corinne aliomba.

"Hapa? Chuo gani hiki kinafungwa kama banda la kuku?" Duane alisema, akakanyaga mafuta.

Kwenye kiti cha nyuma, bibi alimsogelea mjukuu wake sikioni. "Nisikilize, mwanangu. Tukifika, uliza wewe kwa kinywa chako. Na kile ulichokijia, kakishike kwa mkono. Usikubali kuonyeshwa kwa mbali kama harusi ya watu."

Corinne alitikisa kichwa kukubali, akaupapasa mkoba wake. Ndani yake alikuwa ameficha mabuti ya mpira, kwa sababu baba yake alikuwa amemkataza kuja nayo.

Lango la Thistlewood lilikuwa la mwaloni mtupu lenye bawaba za shaba. Duane alilipapasa kama mtu apapasaye farasi wa mashindano. Kisha, kabla hata ya matembezi kuanza, aliingia dukani pale chuoni akatoka na stika yenye jina la chuo, akaibandika kwenye kioo cha nyuma cha gari.

"Duane!" Arlys alishangaa. "Mtoto hajaingia hata chooni, wewe umeshabandika?"

"Mama, mimi mlango naujua."

"Haya, mkwe wangu. Hata mtego wa panya una mlango."

Walipokelewa na kijana mmoja, Brecken, mwenye meno meupe kama maziwa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni, naye aliwatembeza huku akirudi kinyumenyume, uso kwao, tabasamu halimtoki. Wazazi walikuwa wengi, lakini aliyeuliza alikuwa mmoja.

"Sisi tunataka kujua kuhusu chakula," Duane alisema. Baadaye kidogo: "Na sisi tutalala wawili chumbani au peke yetu?"

"Mtalala wawili, Duane, wewe na nani?" Arlys alimkatiza. "Niambie mapema nikakufungashie blanketi."

Watu wakaangua kicheko. Corinne alijivuta kofia ya sweta mpaka puani. Uso ulikuwa umemwiva kama kiazi chekundu.

Wakaonyeshwa chumba cha kulala. Kitanda kimetandikwa bila kunyanzi, mito minne, ua dirishani. Arlys aliinama akaunusa mto.

"Chumba cha vijana kisichonuka soksi!" alisema. "Hapa hajalala mtu tangu kijengwe."

"Hiki ni cha mfano, bibi," Brecken alikiri, tabasamu likiwa pale pale.

"Na vyumba wanamolala?"

"Leo vimefungwa, bibi."

Hatimaye walifika chini ya kilima. Juu yake lilisimama banda kubwa la ng'ombe, mlango wake mwekundu kama damu, umepigwa mistari myeupe. Duane alimeza mate. Milango mizuri alikuwa ameiona, lakini mfano wa huu hakuwa ameuona.

"Na lile pale ndilo banda letu mashuhuri," Brecken alisema. "Sasa tuelekee maktaba."

Ndipo Corinne alipoishusha kofia. "Ng'ombe ni wangapi?"

Tabasamu la Brecken lilibaki, macho yake yakahama. "Aa... lile banda lina historia ndefu sana."

"Umesikia? Historia!" Duane alichomoa simu. "Mimi natuma sasa hivi, hapa hapa nilipo."

"Baba, ngoja. Hakunuki."

"Nini hakinuki?"

"Banda. Upepo unatoka kule, na hakunuki hata kidogo."

Hakungoja jibu. Aliketi kwenye majani, akavua viatu, akavaa mabuti yake, akapanda kilima. Duane alimfuata akihema, simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Arlys aliwafuata taratibu. Alikuwa na umri wa kutokimbilia mambo, lakini alikuwa na uso wa kutotaka kuyakosa. Corinne aliukamata mlango ule mwekundu kwa mikono miwili, akauvuta.

Lo!

Taa za vioo zilining'inia darini. Viti vyeupe, safu kwa safu, vilijaa watu waliovaa vizuri, na watu wote hao waligeuka. Mbele alisimama mchungaji, kinywa wazi, na bibi harusi mwenye shela refu kama njia ya kijijini. Bibi harusi alimtazama yule msichana mgeni, akayatazama mabuti, kisha akamgeukia bwana harusi polepole.

"Huyu nani?"

Bwana harusi alibadilika rangi. "Simjui! Naapa simjui!"

"Samahani," Corinne alisema. "Ng'ombe wako wapi?"

Dada mmoja mwenye nguo nyeusi, msimamizi wa ukumbi, alimjia mbio kwa ncha za vidole. Alimwonyesha kona, ambako alisimama ng'ombe mmoja wa plastiki mwenye shada la maua shingoni, wa kupigia picha. "Ni huyo tu, mpenzi," alinong'ona. "Wazima waliuzwa mwaka juzi, na somo lenyewe limefutwa. Siku hizi hapa ni harusi tu."

Duane aliyasikia yote. Taya lilimwanguka kama mlango uliong'oka bawaba. Alikitazama kidole chake, kilikuwa upana wa unywele kutoka kwenye kioo cha simu. Akakiondoa taratibu, kama aliyegundua kwamba alikuwa akimpapasa nyoka.

Nje, alimvaa Brecken. "Kijana! Kwa nini hukusema?"

"Mzee, mimi nimeambiwa nitembee kinyumenyume na nitabasamu," Brecken alijibu. "Nasomea biashara."

Wakarudi garini. Arlys peke yake alikuwa akitafuna.

"Mama, unakula nini?"

"Keki. Ilikuwa mezani karibu na mlango. Tusiseme tumetoka bure."

Corinne alikuwa akiangalia dirishani, machozi yakimlenga. "Baba," alisema, "Bucklow iko njiani."

Duane alipunguza mwendo. Alikata kona.

Harufu iliwapokea kabla ya lango. Corinne aliteremsha kioo akaivuta kama wengine wavutavyo harufu ya mkate. Waya ulifunguliwa, mlango wa zizi ukapigwa teke, na msichana mwenye ovaroli, Odalys, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akawakaribisha.

"Mnataka kuona? Vaeni mabuti. Oo, wewe unayo! Njoo."

Aliwapeleka kwa ng'ombe mmoja mweupe aliyekuwa akicheua bila haraka. Ubavuni mwake palikuwa na tundu la mviringo lenye kizibo cha mpira. Odalys alikichomoa.

"Yesu wangu!" Duane alishika nguzo. "Ng'ombe ana... ana..."

"Dirisha," Arlys alimsaidia, ingawa naye macho yalikuwa yamemtoka. "Umeuza milango mingi, mkwe wangu, lakini dirisha hili hukuwa nalo."

"Madaktari walimpasua, akapona, haumwi," Odalys alisema. "Hapa ndipo tunapojifunzia tumbo linavyofanya kazi. Haya, vaa glavu."

Corinne alivaa glavu iliyofika begani, akatia mkono ndani ya ng'ombe, ukazama wote. Macho yalimpanuka.

"Baba! Kuna joto! Linasukuma, linanivuta mkono!" Kisha maswali yakamtoka kama maji yaliyofunguliwa mfereji: anakula nini, analala wapi, ni nani anayemhudumia Jumapili, na mwaka wa kwanza mtu anaruhusiwa kumgusa au ni wakubwa tu? Odalys alimjibu yote, hata la mishahara midogo na baridi ya Januari.

Duane alikuwa hajapata kumsikia mwanawe akisema maneno mengi hivyo mwaka mzima. Alifungua kinywa, akaanza, "Na sisi..." Arlys akamtazama. Akakifunga. Badala yake alichuchumaa, akakikagua kile kizibo pande zote kwa jicho la fundi.

"Hakivuji hata tone," alinong'ona.

Walipotoka, alichukua kikwanguo cha kuondolea barafu kwenye vioo vya gari, akaikwangua ile stika. Iling'ang'ania, na kivuli cha jina la Thistlewood kimo kwenye kioo hicho mpaka leo. Ombi la ahadi halikutumwa.

"Usibandike na ya hapa," Arlys alimwonya.

"Sibandiki. Mpaka mwenyewe aseme."

Mwenyewe alisema, "Nitarudi wiki ijayo, siku ya masomo. Nataka nikakae darasani kwanza."

"Wewe na nani?" Duane aliuliza.

"Mimi na mabuti yangu."

Siku hizi Duane akiwa na mteja, lile neno lake bado hulisema, maana biashara ni biashara. Lakini hukohoa kwanza. Anakumbuka harusi ya watu asiowajua, na ng'ombe aliyefunguliwa dirisha, na anajua kwamba wahenga hawakukosea: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.